Kuingiza bidhaa ya chakula supamaketi za Moshi na Arusha: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza siagi ya karanga na achari ya embe hapa Pasua, Moshi. Nilianza na mashine moja ya kusagia na jiko la gesi la plate mbili, leo tuko watu sita na chupa zetu zinakaa kwenye shelfu za maduka makubwa ya Moshi na Arusha. Karibu kila wiki napigiwa simu na mama au kijana anayesindika kitu chake, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kadiri ninavyoyafahamu kwa kuyafanya.

Nianze na supamaketi moja kwa moja, au kwanza duka la Mangi?

Anza na Mangi. Duka la mtaani litakuonyesha kwa wiki mbili jambo ambalo supamaketi itakuonyesha kwa miezi mitatu tena kwa gharama yako: kama mtu aliyenunua chupa ya kwanza anarudi kununua ya pili. Mimi niliweka chupa sita sita kwenye maduka manane, Majengo, Soweto na Rau, nikawa napita kila Jumamosi na daftari. Maduka matatu hayakuuza hata moja. Mawili yalimaliza ndani ya siku nne, na yote mawili yalikuwa karibu na wanaouza mkate asubuhi. Hapo ndipo nilipojua mteja wangu anakula saa ngapi na anakula na nini. Nilipokwenda kumwona mnunuzi wa supamaketi nilikuwa na hilo daftari mkononi, na liliongea kuliko mdomo wangu.

Karatasi gani ninahitaji kabla ya kubisha hodi?

Jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, leseni ya biashara, usajili wa jengo la kusindikia na leseni ya alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) kwa bidhaa yenyewe. Wafanyakazi wote wanaogusa chakula wawe wamepimwa afya na vyeti vyao vipo. Upimaji huu hurudiwa kila baada ya miezi sita. Mzani wako uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo, maana ukiandika gramu 400 na ndani mna 385, huo ni wizi hata kama hukukusudia. Kama unasindika maziwa, ongeza Bodi ya Maziwa kwenye safari zako.

Maduka mengi makubwa yataomba pia risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na akaunti ya benki yenye jina lile lile la biashara. Hapa watu wengi hukwama. Biashara inaitwa hivi, akaunti ni ya mume, namba ya simu ya malipo ni ya mtoto. Mhasibu wa duka hawezi kulipa hivyo, na hatakupigia kukuambia. Ankara yako italala tu kwenye droo.

Nasikia vibali vya chakula viko TFDA. Niende huko?

Hapana. Tangu Julai 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalihamishiwa TBS, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. TBS wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha.

Napikia jikoni kwangu nyumbani. TBS watanipitisha?

Jikoni ambako familia inapika ugali na maharage, hapana. Wanataka sehemu inayojitenga: chumba chenye milango yake, kuta zinazofutika kwa maji na sabuni, sakafu isiyo na nyufa, dari, nyavu madirishani, choo kisichofungukia mahali pa kusindika, na sehemu ya kunawa mikono yenye maji yanayotiririka. Mali ghafi iingie upande mmoja na bidhaa iliyofungwa itokee upande mwingine, zisipishane njiani.

Usikate tamaa ukisoma hayo. Chumba changu cha kwanza kilikuwa banda la kuku la zamani la shangazi yangu. Tulibomoa, tukapiga lipu, tukaweka vigae hadi usawa wa kifua, na juu yake rangi ya mafuta. Mkaguzi alipokuja hakuuliza lilikuwa nini zamani. Aliangalia mifereji, akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha, akaomba kuona tunapohifadhi sabuni ya kusafishia (ilikuwa chumba kimoja na chumvi, akatukataza). Alirudi baada ya marekebisho akatupitisha.

Kama chumba cha kwako hakiwezekani kabisa, waulize SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) wa mkoa wako kuhusu maeneo ya pamoja ya kusindikia. Bora ulipie nafasi iliyo safi kuliko kujificha na jiko la nyumbani.

Gharama za TBS nitazimudu vipi?

Pitia SIDO kwanza. Kuna utaratibu wa nafuu kwa wajasiriamali wadogo wanaofika TBS na barua ya utambulisho ya SIDO, na usiende kulipa chochote kabla ya kuwauliza nafuu inayotumika mwaka huo. SIDO pia hutoa mafunzo ya usindikaji, na cheti cha mafunzo hayo kitakusaidia. Kwa mashine, watu wa Kaskazini tuna bahati ya kuwa na TEMDO hapo Arusha, taasisi ya serikali inayobuni mashine za kusindika. Nenda uone kabla ya kutuma hela kwa mtu uliyemwona kwenye simu.

Jambo moja nawaomba: msinunue nembo ya TBS kwa mchapishaji wa stika. Wapo wanaoichapisha bila kuuliza. Namba ya leseni inaweza kuhakikiwa, na siku ikigundulika hutapoteza duka moja tu.

Bidhaa yangu ina karanga. Wanasema nini kuhusu sumukuvu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili si suala la karatasi, ni watoto wa watu.

Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyovunwa vibaya, yaliyokaushwa chini au kuhifadhiwa na unyevu. Huioni kwa macho kila mara, huisikii ulimini, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii. Wengine wetu tunanunua karanga kutoka huko huko. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina kali ya B1 isizidi 5.

Sasa vitendo. Uliza karanga zilibanguliwaje. Wabanguaji wengi wa mkono humwagia maganda maji ili yalainike, na karanga hizo zikifungwa kwenye gunia kabla hazijakauka, ukungu umeshapata nyumba. Mimi nilikuwa nanunua Mbuyuni kwa kuangalia bei. Siku hizi nanunua kwa watu wawili ninaowafahamu, nazamisha mkono hadi kiwiko ndani ya gunia, nachukua za katikati, navunja kumi. Karanga kavu inavunjika kwa sauti. Ikipinda, narudisha gunia.

Kabla ya kukaanga tunazichagua kwa mkono juu ya meza nyeupe: zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa ya kijani au nyeusi, zote nje. Katika gunia la kilo 100 hutoka kilo tatu, mara nyingine saba. Nilipokuwa na shida ya hela kilo saba zilikuwa zinaniuma. Usiwape kuku pia. Sumu ile ile inawadhuru.

Peleka sampuli maabara kila unapobadilisha mzigo wa karanga, usisubiri TBS waje. Weka majibu kwenye faili. Mnunuzi mmoja wa Arusha aliniambia mimi nilikuwa wa kwanza kumwonyesha majibu ya sumukuvu bila kuombwa, na ndiye aliyenipa nafasi nikiwa na bidhaa moja tu.

Lebo iandikwe nini?

Jina la bidhaa kama ilivyo (siagi ya karanga, si "utamu wa asili"), viambato vyote kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anuani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na nchi. Andika wazi kwamba ina karanga, kwa ajili ya wenye mzio. Kiswahili kiwepo, Kiingereza ongeza kama unalenga watalii na wageni wanaoishi Njiro, Sekei au Usa River.

Namba ya toleo ndiyo wengi huiruka, na ndiyo itakayokuokoa. Siku moja duka liliniambia chupa imeleta harufu. Kwa kuwa kila chupa ilikuwa na namba, nilijua ni za siku moja tu, chupa 62, na nilijua ziko wapi. Nilizikusanya zote kwa siku mbili. Bila namba ningelazimika kurudisha kila chupa yangu iliyoko sokoni, au kukaa kimya. Sitaki hata kufikiria hilo la pili.

Msiandike kwamba bidhaa inatibu. Nimeona chupa za asali na unga wa mlonge zimeandikwa "hutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo". Huo si uuzaji. Kuna mtu ataacha dawa zake kwa kusoma lebo yako, na hairuhusiwi.

Kuhusu stika yenyewe: chapisha kwenye karatasi ya plastiki, si karatasi ya kawaida. Siagi hutoa mafuta, mafuta hutambaa, karatasi hubadilika rangi ndani ya wiki tatu na wino unasambaa. Kwa bidhaa za friji ni mbaya zaidi, stika inabanduka pembeni na kujikunja. Mteja akiona hivyo anadhani hata cha ndani ni kikuukuu.

Bakodi naipata wapi?

GS1 Tanzania, ndio wanaotoa namba za bakodi. Namba zake za tarakimu 13 zinazosajiliwa hapa huanza na 620. Kila ukubwa una namba yake. Gramu 250 na gramu 400 ni bidhaa mbili. Ukiongeza ladha ya asali, hiyo ni ya tatu.

Mambo mawili ambayo wachapishaji hawatakuambia. Usichapishe mistari kwa rangi nyekundu, mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu na mistari hiyo haziioni. Na kwenye chupa nyembamba ya mviringo, igeuze ili mistari ilale kama ngazi, la sivyo ile ya pembeni inazama kwenye mkunjo. Msichana wa kaunta akijaribu mara tatu ikakataa, anamwambia mteja "hii haisomi", mteja anaiacha pale pale kwenye kaunta. Nimeshuhudia kwa macho yangu, na ilikuwa chupa yangu.

Chupa nitumie za kioo au plastiki?

Kwa siagi ya karanga na achari nimechagua kioo. Kinapendeza, hakishiki harufu, na watu wanakitumia nyumbani baadaye. Ubaya ni uzito na kuvunjika njiani. Kwa unga, crispi za ndizi na viungo, mifuko ya kusimama yenye zipu inatosha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini kifungashio cha bidhaa ya kiwandani ni jambo jingine. Usimruhusu mtu akutishe.

Usitumie chupa zilizokwisha kutumika, hata zikichemshwa. Kifuniko cha zamani hakishiki, na duka litaona.

Bei nipangeje?

Nitatoa mfano wa chupa ya gramu 400 kwa hesabu ninayofundishia. Karanga shilingi 1,950, chupa na kifuniko 900, lebo 150, gesi, umeme na kazi 700, usafiri 150, vipimo na ada zikigawanywa kwa chupa 150. Jumla 4,000. Tuseme unaliuzia duka kwa 5,200. Duka likiongeza asilimia 25 inakuwa 6,500, na likiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 7,670. Shelfuni itaandikwa 7,700.

Wengi wakiona 7,700 wanashtuka, "mbona mimi wananipa 5,200?" Hawajakuibia. Ndivyo ilivyo. Swali lako liwe hili: je, mama anayesukuma kitoroli ataitoa 7,700 kwa chupa yangu wakati pembeni yake kuna ya nje ya nchi inayojulikana kwa bei inayokaribiana? Kama jibu ni hapana, kazi iko kwenye gharama zako au kwenye ukubwa wa chupa, wala si kwa meneja.

Sasa angalia hili. Chupa kumi zikiuzwa zote unapata faida ya 12,000. Moja ikirudi imeharibika, umeuza tisa kwa 46,800, umetumia 40,000, faida imebaki 6,800. Chupa moja kati ya kumi imekula karibu nusu ya faida. Ndiyo maana nasema bidhaa kuwa shelfuni si kuuza. Umeuza chupa ikishatoka mlangoni na hela ikishaingia kwako.

Na ukiwa unauza nyumbani, usiuze kwa 5,200 ile ile. Wateja wa supamaketi wana ndugu Pasua. Mimi nyumbani nauza 6,500 na duka linajua.

Kuhusu VAT: usajili ni lazima mauzo yako yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Wengi wetu hatujafika huko, lakini weka hesabu kana kwamba unakaribia.

Namwonaje mnunuzi, na nimwambie nini?

Usiende Jumamosi, wala mwisho wa mwezi, wala asubuhi wanapopokea mizigo ya maziwa na mkate. Jumanne au Jumatano, saa nane mchana. Piga simu kwanza. Beba chupa nne, nakala za vyeti, orodha ya bei ya ukurasa mmoja, na mkate.

Nitakueleza nilivyopokelewa Arusha mara ya kwanza. Kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Alisimama, "Shikamoo mama," nikaitikia, akanionyesha kiti. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu kina mama wa Kilimanjaro. Hakuniuliza hata neno juu yao. Aliichukua chupa akaigeuza kichwa chini, akaishika hivyo huku akiangalia saa yake ya mkononi. Mafuta yakaanza kushuka polepole ndani ya chupa kuelekea kwenye kifuniko. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kifuniko, akanusa kidole, akaangalia kama kifuniko kimelowa. Hakikuwa kimelowa. Ndipo akaniuliza, "Mama, hii imekaa muda gani?" Miezi mitatu, nikamwambia, na tarehe iko chini. "Ikikaa sita?" Nikatoa kwenye mfuko chupa ya miezi saba niliyokuwa nimeihifadhi kwa makusudi. Akaifungua, akapaka mkate, akala kipande chote, akamwita mwenzake wa stoo naye aje kuonja.

Baadaye aliniuliza maswali matatu: unaweza kuleta chupa ngapi kwa mwezi bila kukosa, ukipungukiwa utaniambia kabla au baada, na zikiharibika nani anabeba. Jiandae na hayo. Ukisema "naweza kiasi chochote", amekwisha kujua kwamba huwezi.

Mali kauli au wanunue moja kwa moja?

Karibu kila duka lisilokufahamu litataka mali kauli: unaacha mzigo, wanakulipa kilichouzwa. Kwa mara ya kwanza kubali, lakini kwa kiasi ambacho kikipotea chote hutalala njaa. Kwangu ilikuwa chupa 24 kwa duka. Mkubaliane kwa maandishi ni lini mtahesabu, nani anabeba zilizovunjwa na wateja au kuibwa dukani (si wewe), na wanalipa baada ya siku ngapi. Bidhaa ikizunguka vizuri kwa miezi mitatu, omba wahamie kwenye oda yenye LPO, yaani hati ya duka ya kuagiza na kununua.

Usiache mzigo bila hati ya kupokelea yenye mhuri, jina na sahihi. "Weka tu hapo mama, bosi atasaini kesho" iliwahi kunigharimu chupa 36. Kijana aliyezipokea aliacha kazi wiki ile ile, na duka likasema halina kumbukumbu. Nililia ndani ya Hiace kutoka Arusha hadi Boma Ng'ombe.

Wasipolipa je?

Malipo ya siku 30 mara nyingi ni 45, na ya 60 huweza kufika 90. Hilo lipange kwenye hesabu zako. Lakini duka likianza kubadilisha maelezo, mara mhasibu anasafiri, mara mfumo umegoma, na huku shelfu zinaanza kuwa na mapengo, acha kupeleka mzigo siku hiyo hiyo. Mapengo ya shelfu ni dalili kuliko maneno. Maana yake wengine wameshaacha kupeleka.

Yaliyotokea nchini hayajasahaulika. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi, ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt, iliyokuwa na maduka Moshi na Arusha na iliyonunua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, ilianguka miaka michache baadaye, na Januari 2020 wadai wake wakaridhia ifungwe kabisa. Nyuma ya habari hizo kuna wazalishaji waliobaki na ankara zisizolipwa. Kwa hiyo ukubwa wa jengo usikupumbaze. Sheria yangu ni kwamba hakuna duka moja linalonidai, samahani, ninalolidai zaidi ya theluthi moja ya mzigo wangu wote ulio nje.

Mtaji wa kiasi gani unatosha?

Fuata hesabu ile ile. Maduka matatu, chupa 48 kila moja, ni chupa 144. Kwa gharama ya 4,000 ni shilingi 576,000. Kama wanalipa baada ya siku 60 na mzigo unaisha kila wiki tatu, utapeleka mzigo mara tatu kabla hujaona senti: 1,728,000. Hiyo ndiyo hela unayotakiwa kuwa nayo, au kuwa na uhakika wa kuipata, kabla ya kutia sahihi. Wanaofilisika wengi bidhaa zao zilikuwa zinauzika vizuri. Walikosa karanga za mzunguko wa tatu.

Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako. VICOBA ni nzuri kwa lebo na gesi, lakini usichukue mkopo wa kurejesha kila wiki kulipia mzigo utakaolipwa baada ya siku 60. Tarehe hazitakutana.

Nimeingia dukani lakini chupa hazitoki. Nifanyeje?

Nenda ukaangalie mwenyewe. Siku ya kwanza utazikuta usawa wa macho. Wiki ya tatu ziko shelfu ya chini kabisa nyuma ya chupa kubwa za sosi, vumbi juu ya kifuniko. Hakuna aliyekuonea. Muuzaji mwingine alipita asubuhi na kijana wake, akapanga zake, akasogeza zako. Makampuni makubwa yana watu wa kazi hiyo. Wewe huna, kwa hiyo ni wewe mwenyewe, na kitambaa, mara moja kwa wiki. Futa, panga, sogeza za zamani mbele na mpya nyuma, hesabu, andika. Wasalimie vijana wa shelfu kwa majina yao. Mimi Krismasi nawapelekea kila mmoja chupa.

Omba siku ya kuonjesha. Ijumaa jioni na Jumamosi, meza ndogo mlangoni, vipande vya mkate, tabasamu. Siku ya kuonjesha naweza kuuza chupa nyingi kuliko wiki nzima, na muhimu zaidi nasikia watu wanasema nini. Ni mama mmoja wa Kijenge aliyeniambia chumvi ni nyingi kwa mtoto wa shule. Tulipunguza.

Vipi kuhusu muda wa matumizi?

Maduka mengine hukataa mzigo uliobakiza chini ya theluthi mbili ya muda wake. Tengeneza kidogo kidogo, peleka mara nyingi. Zilizobakiza mwezi mmoja zitoe mwenyewe kabla hujaambiwa, uziuze nyumbani kwa bei ya kushuka ukisema ukweli kwa nini.

Kuna msimu?

Upo, na Moshi una wake. Kuanzia katikati ya Desemba watu wanarudi kula Krismasi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, kila kona, na mauzo yangu huongezeka hadi karibu mara mbili kwa wiki tatu hivi. Oda ya Desemba ijulikane Oktoba, na karanga ziwe stoo Novemba. Januari jiandae na ukimya, ada za shule zimekula hela zote. Arusha inafuata zaidi watalii, Juni hadi Oktoba. Nane Nane pale Themi nayo usiikose, mnunuzi hupita kimya kimya akiangalia nani anajua bidhaa yake.

Nimesajili jina BRELA. Mtu mwingine anaweza kulitumia kwenye bidhaa?

Usajili wa jina la biashara peke yake haukulindi vya kutosha. Sajili alama ya biashara, hapo hapo BRELA. Ulinzi wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Fanya kabla hujachapisha lebo elfu tano.

Duka linataka niwatengenezee kwa jina lao. Nikubali?

Hela yake inakuja kwa utaratibu na huna kazi ya kuonjesha. Lakini siku wakipata anayepunguza shilingi 200, hakuna mteja atakayeuliza ulikokwenda, kwa sababu hakuwahi kukujua. Nilifanya kwa mwaka mmoja ili nilipie mashine, na jina langu halikutoka shelfuni hata siku moja.

Naweza kuvusha Holili au Namanga?

Ndiyo. Alama ya TBS inatambulika katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha. Lakini ukiwa hujaweza kulisha maduka mawili ya Moshi bila kukosa, Kenya isubiri.

Naweza kuja kuona mnavyofanya?

Karibu. Tunakaanga Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo uje umefunga kitambaa kichwani na bila pete. Njoo na chupa yako moja, ile ya zamani kuliko zote uliyo nayo. Tutaigeuza kichwa chini mezani wakati tunakunywa chai, halafu tutaangalia kifuniko.